Upande wa Dirishani

"Bi Zuwena, mbona mwarobaini wako unanenepa upande wa dirisha lako tu?" Jirani yake, Haroub, alimuuliza hivyo siku alipoleta posa yake. Leo alirudi kuchukua jibu, akamkuta binti wa chuo cha misitu, aliyekuja kuuchunguza mti huo, kafungua kompyuta barazani.

Bi Zuwena alikwishaamua kukubali. Miaka tisa ya ujane ilimtosha.

Kwenye kioo cha kompyuta, mfano wa shina ulikuwa ukinenepa mwaka baada ya mwaka. "Nikiliwekea jua, upepo na maji, linatoka duara," binti alisema. "Nikiongeza mtu anayeliegemea kila siku, linatoka kama lenu. Nani huegemea pale?"

"Hakuna, mwanangu. Naishi peke yangu."

"Basi ni mtu wa kilo sitini hivi, kwa bega la kulia."

Bi Zuwena akaugeukia mti. Marehemu mumewe alikuwa akiliegemea shina lile kila siku baada ya alasiri, akivuta uradi. "Aliacha lini?" akauliza.

"Hesabu inaonyesha hajaacha."

Haroub akauendea mti. Gome, usawa wa bega, lilikuwa laini kama mpini wa jembe. Aliligusa, akauondoa mkono upesi. Akaokota kofia yake, akatoka bila kungoja jibu la posa.