Korongo Ndani ya Wingu

Zamani zile ndege walipokuwa wakiruka kwa sheria, Korongo alikuwa akirudi ziwani akamezwa na wingu zito. Hakuona hata mbawa zake. Sheria aliijua: fuata mlio wa Kigogota agongaye mti ufukoni, ila Tai aliye juu ya wingu akikuelekeza, mtii yeye.

Kigogota alisikika mbele kabisa. Mara Tai akaita, "Korongo, pinda kushoto!"

"Kushoto? Mzee, nyumbani ni mbele!"

"Pinda!"

Akapinda. Mlio ukafifia, na Tai naye akanyamaza. Korongo akachanganyikiwa. Je, amesahauliwa? Au aliambiwa kulia, akasikia vibaya? Hofu ikamshinda, akageuka kuufuata mlio.

Puu! Akagongana na ndege mwenzake, Mwari, aliyekuwa akija kasi, wakaanguka wote wawili matopeni.

"Umeniingilia njia!" Mwari alifoka. "Mimi nilikuwa nafuata mlio!"

"Hata mimi!" Korongo alilia, bawa likimning'inia. "Sasa nani kakosea njia?"

Tai akatua kando yao. "Njia hamkukosea hata mmoja," alisema. "Nyote mlikuwa kwenye njia moja. Ndiyo maana nilitaka kumtoa mmoja wenu."