Kichwa Katikati ya Ubao

Chaki ya pili ilikatika kabla hata somo halijaanza, na Mwalimu Buibui akajua leo ana kazi.

Nyuma ya darasa la tatu, kwenye viti vilivyoletwa kutoka ofisini, walikaa wageni wawili. Mmoja ni afisa elimu, mama mtulivu mwenye daftari magotini. Wa pili ni mwalimu mkuu, aliyemwita mama huyo kwa barua ya kurasa tatu. Barua ilisema mwalimu wa darasa hili hafundishi msamiati, anachora utando wa buibui ubaoni, watoto wanacheka kutwa, na kwa faida ya shule ahamishwe. Kwa faida ya shule! Mtu hana hata haya.

Kuhamishwa kwenyewe ni shule ya mwendo wa siku nzima kwa basi. Na Mwalimu Buibui ana mama yake mzazi nyumbani, asiyeweza kufika hata mlangoni bila kushikwa mkono.

"Tungelimaliza hili kwenye kikao cha Jumatano," afisa alisema, "ila kikaahirishwa."

"Sababu zisizozuilika, mama," alijibu mwalimu mkuu haraka. "Leo utajionea mwenyewe."

Mwalimu Buibui aliandika neno moja katikati ya ubao, KICHWA, akalizungushia duara.

"Sheria mnaijua. Unaleta neno, unavuta mstari, na juu ya mstari unaandika neno la kuunganisha. Mstari mtupu haukai hapa."

Mikono ikaruka. Nywele huota kichwani. Kofia huvaliwa. Treni ina kichwa, gazeti lina kichwa cha habari. Kichwa huuma, ukimeza dawa kinapoa. Mvulana mmoja akaleta kichwa ngumu, akaeleza kwa fahari kwamba ni yeye, mama yake ndiye anayemwita hivyo. Mwingine akaandika kichwa maji, akaulizwa maana yake, akamtazama mwenzake wa dawati moja, wakaanza kusukumana.

Nusu saa haijafika, ubao una maneno ishirini na saba, na hakuna aliyeambiwa akariri hata moja. Afisa alikuwa anaandika huku akitabasamu. Mwalimu mkuu aliliona tabasamu hilo, akakunja uso kama mtu aliyeng'ata ndimu.

Mwalimu Buibui akaanza kupumua. Ndipo Pengo akanyoosha mkono.

Pengo ni yule msichana wa dawati la mbele aliyeng'oka meno mawili ya juu. Hana maneno mengi, ila akisema, kasema. Alichukua chaki, akavuta mstari kutoka kwenye "huuma" mpaka neno jipya, MPIRA. Juu ya mstari akaandika: ukianza.

"Ulitaka kusema mpira wa kichwa?" mwalimu alimuuliza.

"Hapana, mwalimu. Mpira ukianza kwenye televisheni, kichwa kinauma."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Buibui hakucheka. Jumatano! Jumatano hiyo hiyo aliomba ruhusa ya kuondoka saa nane, akaandika kwa mkono wake kwenye daftari la ruhusa, "naumwa kichwa." Kisha huyo, mpaka saluni, akasukwa nusu kichwa huku akitazama fainali. Goli lilipoingia alipiga ukelele uliosikika mtaa mzima. Na watoto wa shule hupita pale pale mlangoni.

"Asante, Pengo, kakae. Mstari huu tuufute, muda umekwenda..."

"Usifute!" Mwalimu mkuu alikuwa amesimama. Daftari la ruhusa alikuwa amelibana kwapani tangu asubuhi, alikuwa anangoja nafasi tu. "Mtoto ana jambo. Mwache aeleze."

Akalifungua daftari, akalamba kidole, akaanza kuufukuzia ukurasa wa Jumatano. Pengo akaeleza, macho kwenye chaki.

"Ni mtu mzima. Jumatano alipiga simu, akasema kichwa kinampasua, hata macho hayafunguki. Halafu mpira ukaanza. Goli lilipoingia, alipiga ukelele mpaka majirani wakachungulia."

Mwalimu Buibui hakusikia mambo ya simu wala ya macho. Alisikia ukelele tu, akashika ukingo wa meza.

"Huu hapa!" Mwalimu mkuu aliupata ukurasa, akamwekea afisa magotini, uso unang'aa. "Soma, mama. Watu wa namna hii ndio wanaotuharibia watoto. Wanaidanganya ofisi wanaumwa, kumbe wako kwenye mpira! Mtu kama huyo mimi simngojei, namwondoa leo kabla ya kengele."

Afisa aliusoma ukurasa, kisha akamtazama mtoto.

"Ni nani huyo, mwanangu?"

Pengo akasita. "Nitachapwa?"

"Uchapwe na nani, mbele yangu?" Mwalimu mkuu alicheka. "Mtaje. Kwa sauti, wasikie mpaka darasa la nne."

Mwalimu Buibui akafumba macho. Alimwona mama yake amesimama mlangoni peke yake, akipapasa fremu.

Pengo alimtazama mwalimu mkuu kwa mshangao wa kweli.

"Kwani umesahau, baba? Si ni wewe! Mpaka mama akakwambia ushuke kwenye kochi."