Mkonga Kinywani mwa Mamba

Ukame uliwatoa tembo nchi ya mbali, wakafika kwenye mto wa Mamba, ambaye hakuna aliyewahi kumjulia hali. Alipowaona alipanua kinywa, meno yote nje. Nyani waliokuwa ukingoni wakakimbilia mitini.

Tembo jike aliyeongoza kundi akasogea taratibu, akamtia Mamba ncha ya mkonga kinywani.

Nyani wakafumba macho. Mamba akabaki vilevile, kapanua, hajui la kufanya.

"Unafanya nini wewe?" akauliza Mamba, mkonga ulipotoka.

"Nakusalimu, mwenyeji wangu. Kwetu ndivyo tunavyosalimiana. Kwenu mnasalimianaje?"

"Sijui," akasema Mamba. "Kila nikifungua kinywa, watu hukimbia."

Akajisogeza pembeni. Kundi zima likanywa, na watoto wakaoga.

Nyani mmoja akateremka. "Mama, hukuona kwamba alitaka kukung'ata?"

"Meno niliyaona kabla yako, mwanangu," akajibu Tembo. "Lakini mimi ndiye niliyekuja kwake. Mgeni gani hukimbia kabla hajasalimu?"