Roboti Lenye Sauti Yangu

Vita vilipotukuta ughaibuni, tuliililia serikali itutumie ndege. Ikatwambia tuvute subira, kisha ikazipelekea familia zetu maroboti yenye sura na sauti zetu. Huu mwaka wa pili.

Leo nimempigia mke wangu, Mwanahawa, mama wa mwanangu Rayyan, kwa video kutoka handakini. Nyuma yake roboti langu limekalia kiti changu, limewekewa sahani ya ukoko wa wali.

“Ukoko ni wangu! Hilo hata halili!”

“Halili, lakini linasifia.”

Nikameza hasira, nikampa habari: nafasi ya ndege imepatikana, inasubiri sahihi yake tu kwamba bado ananihitaji nyumbani.

Akakigeukia kile kiti.

“Baba Rayyan, wewe unaonaje?”