Sufu ya Likombe

Bibi Agnes alitapika kabla hajashuka vizuri kwenye Landrova. Uvundo wa banda la mbuzi ulikuwa umempokea tangu barabarani. Akabana pua kwa leso.

"Ndugu Andrea, hivi ndivyo mnavyofuga?"

"Samahani, mama. Hawa mabeberu wa Uturuki wananuka kuliko wa kwetu. Karibu ndani uwaone."

"Niingie humo? Thubutu!"

Nani angemlaumu? Nzi wa kijani walikuwa wameufunika mlango wa banda, na maji meusi yalichuruzika chini ya ukuta wa makuti. Kinyaa kitupu.

Agnes alikuwa ametoka Dar es Salaam kukagua mradi. Mbuzi weupe waliteremshwa bandarini Mtwara wafugwe hapa Likombe, sufu yao ikauzwe kwa matajiri wa Ulaya. Asipoiona sufu leo, mradi unafungwa, na Andrea na mama yake mzee wanatolewa kwenye nyumba ya mradi, wasijue pa kwenda. Ndiyo maana jasho lilikuwa likimtiririka Andrea hata kivulini.

"Mbona kimya? Mbuzi gani hawa hawalii?"

"Jua kali, mama. Wamelala."

Agnes alitema mate pembeni. "Wanyama wachafu wanaokojolea ndevu zao wenyewe! Halafu watu na akili zao wanajifunga nywele za hao mbuzi shingoni. Haya, sufu yenyewe iko wapi?"

Mama yake Andrea, bibi Martha, alitoka jikoni na ungo. Ndani yake mlikuwa na fungu la sufu nyeupe pee, iliyooshwa kwa sabuni na kuchanuliwa vizuri.

Agnes aliigusa kwa ncha ya ukucha, uso kaukunja. Akaigusa tena. Akaijaza kiganjani. Mara akaipitisha shavuni, kisha shingoni, mwisho akaikandamiza midomoni kabisa, macho kayafumba. Ungeona haya kumtazama.

"Jamani, ulaini huu! Wala haina harufu ya mbuzi! Mradi unaendelea, ndugu Andrea. Na mimi mnifumie mtandio, nitaufuata baada ya Pasaka."

Akaifutika ile sufu kifuani, ndani ya blauzi, akapanda gari akitabasamu.

Landrova ilipopotea, Andrea alifungua banda, akaanza kuyavuta nje matumbo ya ng'ombe aliyoyaokota machinjioni, yakiwa yanachemka funza. Mle ndani hamkuwa na kingine. Mbuzi wa mwisho alikufa kwa joto tangu mwaka jana.

"Umesikia, mama? Anataka mtandio mzima."

Bibi Martha alifungua kilemba, akapapasa kichwa chake kilichojaa michubuko ya wembe.

"Basi asubiri ziote."