Daftari la Kubweka

Mbele ya mwenyekiti wa baraza, karani wa mji alisoma kwa sauti daftari la kubweka, ambalo mlalamikaji wa kelele za mbwa hutakiwa kulijaza kila siku kwa majuma mawili. Nilikwisha kuapa kwamba langu ni la kweli.

"Jumanne, saa nne hadi saa nane: mbwa sita, bila kunyamaza."

Jirani yangu Verna, ambaye kama angenyimwa leseni ya kufuga mbwa angewapoteza wote sita, alinigeukia. Sweta yake ilijaa manyoya meupe.

"Jumanne si walikuwa kwa daktari, jirani? Wewe mwenyewe ulinisaidia kuwapakia garini!" Kisha akanitetea. "Kakosea siku tu, Mheshimiwa. Si mtu mbaya huyu."

Kurasa zote nilizijaza Jumapili moja, baada ya ibada.

Mwenyekiti alininyooshea kalamu.

"Basi sahihisha, bwana. Andika siku ya kweli."