Dimbwi la Fisimaji

Fisimaji huyu tunayemsema alikuwa na wazimu wa usafi. Chura alipomwomba amlelee kiluwiluwi wake mpaka kiangazi kiishe, Fisimaji alichimba dimbwi siku hiyohiyo, akalijaza maji ya chemchemi, na mawe yake akayasugua kwa mchanga hadi yakang'aa.

Konokono akaja akiburuta kijiwe kilichoota utelezi wa kijani. "Mama, kiweke hiki ndani, kisha usimlete mtoto mpaka na mawe yako yaote utelezi."

"Mgeni wangu alale kwenye uchafu?" Fisimaji alikitupa kijiwe majanini. "Toka!"

"Uchafu atauleta mtoto mwenyewe," alisema Konokono. "Atakula, atakunya, na mlaji wa kinyesi hicho ni utelezi huu. Ukiusugua, sumu ya kinyesi itabaki majini, wala hutaiona."

Kiluwiluwi aliletwa jioni. Fisimaji alimlisha vizuri, na kila kulipokucha akasugua mawe. Punde mtoto akapauka, akawa anapanda juu kutafuta hewa. Fisimaji akaingiwa na hofu, akazidi kusugua. Asubuhi moja alimkuta anaelea chali.

Chura alipokuja, aliinama juu ya dimbwi.

"Maji safi hivi, dada. Mwanangu kafa na nini?"

Chura alipokwisha kwenda zake, Fisimaji alipapasa majanini akakitafuta kile kijiwe cha Konokono. Alikikuta kimekauka juani, cheupe, safi kama mawe yake yote.